Picha ya Mzee Churchill Iliyochomwa Moto: Uso wa Kiongozi ni Mali ya Nani?

Hulugho ni mji mdogo katika Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia. Kusini yake ni msitu wa Boni unaoelekea Lamu, na wengi wa wenyeji wake ni Wasomali wafugaji. Huko, kama kwingineko katika Kenya, mtu akiingia katika ofisi ya Serikali aghalabu huona picha ya Rais imetundikwa ukutani. Picha hiyo imepigwa kwa kamera, na nyingine zilizo sawa nayo ziko katika maelfu ya ofisi. Ikipasuka au ikiliwa na mchwa huletwa nyingine mahali pake, wala hakuna hasara kubwa.

Lakini iko namna ya pili ya picha, nayo ni ile inayochorwa kwa mkono, kwa brashi na rangi za mafuta. Hiyo ni moja tu duniani. Ikipotea imepotea kabisa, na yule aliyechorwa akiisha kufa hapana njia ya kuichora tena.

Habari zifuatazo zaeleza mambo ya picha moja ya namna hiyo, iliyochorwa mwaka 1954 katika nyumba ya kale ya Kiingereza iitwayo Chartwell. Aliyechorwa ni Sir Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, naye alikuwa mzee wa miaka 79. Picha hiyo ilionyeshwa mbele ya watu siku moja kwa sherehe kubwa, kisha ikafichwa, kisha ikachomwa moto. Swali lililobaki nyuma yake ni swali ambalo kila jamaa yenye wazee huweza kukutana nalo: Uso wa kiongozi ukichorwa, picha ni mali ya nani? Je, ni ya mwenye uso, ya mchoraji, ya waliotoa fedha, au ya watu wote watakaozaliwa baadaye?

MZEE HUYU ALIKUWA NANI

Winston Churchill alizaliwa tarehe 30 Novemba 1874 katika jumba kubwa la Blenheim, huko Oxfordshire. Aliingia Bungeni mwaka 1900, akashika kazi nyingi za Serikali. Wasomaji wa Kenya, na hasa wale wa Kaskazini Mashariki, wana sababu za kulijua jina lake, maana amri zake zilifika mpaka katika nchi yao.

Mwaka 1907, alipokuwa Waziri Mdogo katika Wizara ya Makoloni, alipita Berbera katika nchi ya Wasomali, kisha akafika Mombasa na kupanda gari la moshi kwenda bara mpaka Uganda. Mwaka uliofuata alitoa kitabu juu ya safari yake hiyo. Mapema mwaka 1920, Serikali ya Uingereza ilipotumia ndege za vita juu ya Sayyid Mohamed Abdulle Hassan na wafuasi wake, Churchill ndiye aliyekuwa Waziri wa Vita na wa Ndege. Mwaka 1921 na 1922 alikuwa Waziri wa Makoloni. Wakati huo mpaka wa Kenya ulikuwa ni mto Juba, na mji wa Kismayu ulikuwa ndani ya Kenya. Mapatano ya kuwapa Waitalia nchi ya Jubaland yalitiwa sahihi mwezi wa Julai 1924, wakati ambapo Churchill hakuwamo Serikalini, na nchi ikakabidhiwa mwaka 1925. Ndipo mpaka uliposogezwa magharibi, na sehemu za Hulugho zikawa za mpakani kama zilivyo leo.

Katika Vita Kuu ya Pili Churchill alikuwa Waziri Mkuu. Yeye alimhimiza sana Jemadari Wavell aishambulie Kismayu bila kukawia. Majeshi yalikusanywa Garissa na Bura kando ya mto Tana. Walikuwamo askari wa Afrika Mashariki, wa Gold Coast ambayo leo ni Ghana, wa Nigeria na wa Afrika Kusini. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari 1941, na Mogadishu siku chache baadaye.

Alirudi kuwa Waziri Mkuu mwaka 1951. Chini ya Serikali yake Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya mwezi wa Oktoba 1952, na maelfu ya watu wakatiwa vizuizini. Basi Waingereza wengi walimwona kuwa ndiye aliyewaokoa na Wajeremani. Waafrika wengi walimjua kwa mambo mengine. Haya yote mawili yafaa kukumbukwa katika kusoma habari za picha yake, kwa kuwa uso wa kiongozi hautazamwi na watu wote kwa jicho moja.

ZAWADI YA MIAKA THEMANINI

Mwaka 1954 Churchill alikuwa akikaribia kutimiza miaka 80. Ni jambo la nadra kwa Waziri Mkuu kufikia umri huo akiwa bado kazini. Kwa hiyo wabunge wa vyama vyote, pamoja na mabwana wa Nyumba ya Malodi, walipatana kumpa zawadi. Zawadi hiyo ilikuwa ni picha yake ya kuchorwa. Walichanga fedha, na mchoraji akaahidiwa gini 1,000. Gini moja ilikuwa shilingi 21, hivyo jumla yake ilikuwa pauni 1,050, yaani shilingi 21,000. Siku zile shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa sawa na shilingi ya Uingereza, na kwa hiyo msomaji aweza kukisia uzito wa fedha hizo.

Mchoraji aliyechaguliwa ni Graham Sutherland, aliyezaliwa mwaka 1903. Alikwisha kupata sifa kwa kuwachora watu mashuhuri. Mwaka 1949 alimchora mwandishi Somerset Maugham, na baada yake Lord Beaverbrook mwenye magazeti. Sutherland hakuwa mchoraji wa kusifu. Desturi yake ilikuwa kuchora kile alichokiona, na makunyanzi yake pia.

Tangu mwanzo palikuwa na mambo mawili ambayo hayakuelezwa sawasawa. La kwanza ni mavazi. Churchill alikuwa amepewa daraja la heshima la Garter mwaka 1953, naye alipenda achorwe amevaa joho la daraja hilo. Waliotoa fedha walitaka achorwe katika nguo zake za kila siku za Bungeni, na shauri lao ndilo lililofuatwa. La pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo ni mwisho wa picha yenyewe. Mchoraji alifahamu kwamba picha itakaa na Churchill maisha yake, kisha baada ya kufa kwake itarudi Bungeni itundikwe huko. Churchill na mkewe waliihesabu kuwa ni zawadi yao, wafanye wapendavyo. Tofauti hiyo ndogo ya fahamu ndiyo iliyoleta msiba wote.

KAZI YA MCHORAJI

Tangu mwezi wa Agosti 1954 Sutherland alikwenda Chartwell mara kwa mara. Chartwell ni nyumba ya matofali katika jimbo la Kent, kusini ya London, iliyo juu ya mteremko wenye bustani na mabwawa. Churchill aliinunua mwaka 1922. Penye bustani hiyo ana chumba chake cha kuchorea, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa mchoraji wa kujifurahisha, na katika maisha yake alichora picha zaidi ya 500. Kwa hiyo hakuwa mtu asiyejua rangi. Inasimuliwa kwamba alimwuliza mgeni wake kama atamchora kama malaika mdogo au kama mbwa mkali.

Kuchora mtu kwa rangi za mafuta si kazi ya siku moja. Kwanza mchoraji humkalisha mtu mbele yake na kufanya michoro midogo mingi: kichwa peke yake, mikono peke yake, macho, kinywa. Sutherland alifanya hivyo kwa penseli, kwa makaa na kwa rangi. Kisha hurudi nyumbani kwake na kuchagua ule mchoro aliouona kuwa wa kweli kuliko mingine. Juu ya mchoro huo huchora mistari ya kukingamana ili kupata miraba midogo. Juu ya turubai kubwa huchora miraba mikubwa kwa hesabu ile ile. Ndipo huhamisha kila kilichomo katika mraba mdogo kukitia katika mraba mkubwa, mpaka umbo zima litokee bila kupotoka. Mwisho hutia rangi, tabaka juu ya tabaka.

Picha ya Churchill ilikuwa na kimo cha karibu mita moja na nusu. Ilimwonyesha ameketi kitini, mikono imeshika mikono ya kiti, kichwa kimeinama kidogo mbele, na uso mzito wenye uchovu. Wengi hawakujua siri iliyokuwa nyuma ya uso huo. Mwezi wa Juni 1953 Churchill alikuwa amepigwa na ugonjwa wa kupooza, na habari hiyo watu wengi walifichwa. Alipona kiasi cha kuendelea na kazi, lakini mwili wake haukuwa ule wa zamani. Katika chama chake mwenyewe walikuwako waliotaka astaafu. Mchoraji hakuambiwa achore ugonjwa. Alichora tu kile kilichokuwa mbele ya macho yake.

SIKU YA KUFUNULIWA

Kabla ya sherehe Bibi Clementine Churchill alionyeshwa picha, na mumewe akaona picha yake ya kamera. Churchill alichukizwa mno. Aliona kuwa imemfanya aonekane kama punguani. Alimwandikia mchoraji kwamba picha hiyo haitakuwamo katika sherehe. Mbunge aliyekuwa katibu wa kamati ya zawadi alikwenda kumsihi, akamweleza kuwa wabunge waliotoa fedha watavunjika moyo. Mwisho mzee akakubali.

Tarehe 30 Novemba 1954 watu walijaa katika ukumbi wa kale wa Westminster, na sherehe ikaonyeshwa kwa televisheni. Churchill alipewa kitabu chenye sahihi za wabunge, na picha ikafunuliwa. Aliposimama kushukuru, aliisema picha hiyo kuwa ni mfano wa ajabu wa sanaa ya kisasa. Watu waliangua kicheko, maana walielewa kwamba hayo hayakuwa maneno ya sifa. Mchoraji alikuwapo akisikia.

Maoni ya wabunge yaligawanyika. Lord Hailsham, wa chama cha Churchill, aliichukia picha waziwazi. Aneurin Bevan, aliyekuwa mpinzani mkubwa wa Churchill, aliisifu kuwa ni kazi nzuri. Jambo hili laonyesha kuwa picha ya mtu wa siasa haitazamwi kwa sanaa yake tu. Rafiki huuliza, "Je, imemheshimu?" Mpinzani huuliza, "Je, imesema kweli?"

PICHA YACHOMWA

Baada ya sherehe picha ilipelekwa Chartwell. Haikutundikwa hata siku moja. Mwezi wa Aprili 1955 Churchill alijiuzulu uwaziri mkuu. Maombi yalikuja ya kutaka picha ionyeshwe katika maonyesho, nayo yakakataliwa. Miaka ikapita, na watu wakadhani kuwa imefungiwa mahali salama. Churchill alifariki tarehe 24 Januari 1965, umri wake miaka 90, na mkewe akafariki mwezi wa Desemba 1977. Mapema mwaka 1978 ndipo habari zilipotoka kwamba picha haipo tena duniani. Ilikuwa imeharibiwa tangu miaka zaidi ya ishirini nyuma, kabla Churchill mwenyewe hajafa.

Bibi Churchill aliona jinsi picha hiyo ilivyomhuzunisha mumewe, akamwahidi kuwa haitaonwa na watu tena. Baadaye ilijulikana pia namna kazi hiyo ilivyofanywa. Katibu wake, Grace Hamblin, aliitoa picha nyumbani usiku kwa msaada wa ndugu yake, wakaichukua kwa gari mpaka nyumbani kwa ndugu huyo na kuichoma moto. Hamblin alisimulia mwenyewe habari hizo, na sauti yake ikahifadhiwa katika kanda. Zikaja kujulikana na watu wengi mwaka 2015.

Graham Sutherland alikuwa bado hai habari zilipotoka mwaka 1978. Alisema kuwa kitendo hicho ni uharibifu. Alifariki mwaka 1980.

Hata hivyo, mchoraji hakupoteza kila kitu, kwa sababu ile michoro midogo ya mwanzo ilibaki. Mingine imehifadhiwa London katika nyumba ya taifa ya picha za watu mashuhuri, na mingine Kanada. Mwezi wa Aprili 2024, mwaka ambao ulitimia miaka 150 tangu Churchill azaliwe, mchoro mmoja wa kichwa chake kwa rangi za mafuta ulionyeshwa katika jumba la Blenheim, katika chumba kile kile alimozaliwa. Mwezi wa Juni mwaka huo mchoro huo uliuzwa kwa mnada London kwa pauni 660,000. Mchoro wa kujaribia umefika bei hiyo. Picha yenyewe ambayo ilinunuliwa kwa pauni 1,050 ni majivu.

Leo Chartwell yaangaliwa na shirika la kuhifadhi nyumba za kale, na watu wote waweza kuizuru. Chumba cha kuchorea kimejaa picha alizochora Churchill mwenyewe. Mgeni huona pale namna mzee huyo alivyoitazama dunia. Picha kubwa iliyoonyesha namna dunia ilivyomtazama yeye haimo.

NANI MWENYE HAKI?

Katika shauri hili kila upande una neno lake, na yafaa kuyapima yote.

Mwenye uso aweza kusema: "Uso ni wangu. Sikuomba kuchorwa hivi. Mtu mgonjwa na mzee ana haki ya kutoaibishwa mbele ya wajukuu zake." Hoja hiyo si ndogo. Katika jamaa nyingi za Kiafrika, mtoto anayemwona mzazi wake katika udhaifu humfunika nguo. Hawaiti watu kuja kutazama. Bibi Churchill, kwa upande huo, alifanya kama mke anayemstiri mumewe.

Mchoraji naye aweza kusema: "Nguo yaweza kumstiri mzee bila kumharibu mtu mwingine. Hii ni kazi ya mikono yangu na miezi yangu." Sheria za nchi nyingi hutenganisha mambo mawili hapa. Mwenye kununua picha huwa na mali ya turubai na rangi zilizo juu yake; lakini haki ya kunakili kazi hiyo ni jambo jingine, na aghalabu hubaki kwa mchoraji asipoiuza kwa maandishi. Hata hivyo haki ya kunakili haifai kitu picha yenyewe ikiisha kuwa moshi.

Waliotoa fedha waweza kusema: "Tulitoa zawadi kwa ajili ya heshima ya nchi, si kwa ajili ya kuni." Nao watu wa baadaye, ambao hawakuwapo, wangeweza kusema: "Mtu huyu alitawala mamilioni ya watu waliokuwa mbali naye, wala hawakumchagua. Tulitaka kuona uso wake wa kweli." Msomaji wa Garissa ni mmoja wa watu hao. Babu yake aliishi chini ya amri zilizotoka katika Serikali ya mzee huyo. Picha iliyomwonyesha Churchill kuwa ni mwanadamu mwenye kuchoka na kuzeeka ingekuwa ni ushahidi wenye faida kwake, kuliko masanamu ya shaba yaliyosimama katika miji ya Uingereza.

Kwa hiyo yaweza kusemwa hivi: haki ya kutotundika picha ilikuwa ya Churchill, na hakuna aliyeweza kumlazimisha. Lakini kutotundika si kuharibu. Kitu kinachofichwa chaweza kutolewa siku moja, wakati walioumizwa nacho wamekwisha kupumzika, kilichochomwa hakitolewi.

PICHA ZA WAZEE WA KENYA

Katika miaka ile ile wazee wa Kenya nao walikuwa wakichorwa. Mchoraji wao alikuwa Joy Adamson, aliyezaliwa mwaka 1910 katika nchi ya Austria ya zamani, na kufika Kenya mwaka 1937. Habari zake zinaihusu Garissa hasa, maana ni katika mji huo, wakati wa Krismasi mwaka 1942, alipokutana na George Adamson, mlinzi wa wanyama wa porini katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambaye baadaye alikuwa mumewe.

Watu wengi humjua Joy Adamson kwa ajili ya simba jike Elsa. Lakini kabla ya hapo Serikali ya Kenya ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila yote katika mavazi yao ya asili, kwa kuwa mavazi hayo yalikuwa yakitoweka upesi. Tangu mwisho wa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 alisafiri huku na huko, akachora picha zaidi ya 500. Miongoni mwake wamo wazee wa mabaraza, wapiganaji, waganga, maharusi na akina mama. Nyingi ziko katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na nyingine zilitundikwa katika Ikulu, nyumba ya kihistoria iliyokuwa makao ya magavana wa kikoloni. Mwaka 1967 alitoa kitabu chake juu ya watu wa Kenya.

Hapo msomaji ataona tofauti kubwa. Picha ya Churchill imepotea, lakini jina lake na kila saa ya maisha yake vimeandikwa. Picha za wazee wa Kenya zimehifadhiwa vizuri, lakini vichwa vya nyingi hutaja kabila na cheo tu: mzee wa kabila fulani, mwanamke wa kabila fulani. Jina la mtu na la baba yake hayatajwi. Churchill aliweza kusema "Sipendi", na mke wake akaweza kuchoma. Wazee wale hawakuulizwa picha zitakaa wapi, wala jamaa zao wengi hawajui kwamba nyuso za babu zao zipo Nairobi. Huyu alikuwa na jina bila picha. Wale wana picha bila jina. Hasara zote mbili zimetokana na jambo moja, nalo ni kutokuandika mapatano na habari kwa wakati wake.

NYUSO KATIKA FEDHA

Kenya yenyewe imekwisha kukutana na swali hili katika mfuko wa kila raia. Tangu mwaka 1966 sarafu na noti zilikuwa na uso wa Mzee Jomo Kenyatta, na kuanzia mwaka 1980 uso wa Rais Daniel arap Moi. Kila aliyeuza mbuzi sokoni alishika uso wa kiongozi mkononi, apende asipende. Katiba ya mwaka 2010 iliamua jambo hilo. Kifungu cha 231 chasema kuwa noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu ye yote. Sarafu mpya zilitolewa mwezi wa Desemba 2018 zikiwa na wanyama: twiga, kifaru, simba na ndovu. Noti mpya zilipotangazwa mwezi wa Juni 2019, palionekana ndani yake sanamu ya Kenyatta iliyo mbele ya jumba la mikutano la KICC, Nairobi, na watu wengine wakaenda mahakamani kusema kuwa Katiba imevunjwa. Mahakama Kuu haikukubaliana nao.

Maana ya kifungu hicho ni wazi. Wananchi waliona kuwa uso wa mtu mmoja haufai kuwekwa juu ya mali ya wote. Lakini hawakusema kwamba noti za zamani zichomwe kila mahali zisionekane tena. Bado zaweza kuonwa katika makumbusho na kwa wenye kukusanya fedha za kale. Huko ndiko kutofautisha kati ya kuondoa na kuangamiza.

YAFAAYO KUKUMBUKWA NA WAZEE NA VIJANA

Wasomali wafugaji hawakuwa na desturi ya kuchora nyuso za wazee wao. Nyumba yao ya asili, ya fito na mikeka, hufunguliwa na kupakiwa juu ya mnyama wakati wa kuhama, na haina ukuta wa kutundikia picha. Tena wako Waislamu wengi wasiopenda picha za viumbe. Wao walimhifadhi mzee kwa njia nyingine: kwa kuhesabu nasaba, ambayo mtoto hufundishwa babu kwa babu mpaka mbali, na kwa mashairi yaliyokaririwa na watu wenye kumbukumbu njema. Njia hizo ni bora, nazo zina jambo moja ambalo turubai haina: haziwezi kuchomwa usiku na mtu mmoja. Lakini zina udhaifu wake pia. Mwenye kukariri akifa bila mwanafunzi, au vijana wakienda mjini wasirudi, habari hukatika kama kisima kilichofukiwa.

Siku hizi karibu kila kijana ana simu yenye kamera, na nyuso za wazee zapigwa picha kila siku, hata Hulugho. Picha hizo ni nyingi, lakini simu ikivunjika hupotea zote kwa pamoja. Kwa hiyo mafunzo ya Chartwell yafaa nyumbani pia.

Kwanza, mzee aulizwe kabla ya kupigwa au kuchorwa, na aelezwe picha itakwenda wapi. Akikataa, aachwe. Pili, picha ikiwa ni zawadi ya watu wengi, kama ya shule au ya baraza, iandikwe tangu siku ya kwanza kuwa ni mali ya nani, na baada ya kufa kwake itakaa wapi. Tatu, nyuma ya picha liandikwe jina la mtu, jina la baba yake na babu yake, mahali na mwaka. Nne, nakala isikae katika nyumba moja tu. Tano, aliye na picha iliyomwudhi mzee wake aifunge na kuiweka, asiichome. Kwa maana kinachomwudhi baba leo huenda kikamfariji mjukuu baada ya miaka hamsini.

Wazee wa Kiswahili walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Wabunge wa Uingereza walikuwa na fedha, ukumbi wa kale, mchoraji hodari na televisheni. Hawakuandika mapatano ya nani atakuwa mlinzi wa picha. Karatasi moja yenye sahihi tatu ingalitosha kuiokoa.